Mshipa wa Mzee

Shikamoo kaka Hamadi,

Salamu kwako na kwa mama, ila haya usimsomee. Huku Dodoma upepo una vumbi mpaka uji unatafunika.

Juzi mzee mmoja aliletwa hapa hospitalini ninapofanya kazi kwa machela, anagumia na kutapika, na daktari Mdachi akaniita nitafsiri. Mzee akasema, "Mshipa umenishika." Mimi niliyekariri picha ya mwili iliyo ukutani kwa daktari nikasema kwa Kidachi kuwa anaumwa mshipa wa damu. Daktari akampima mapigo mkono huu, kisha ule, na mzee anazidi kutapika. Mkewe akafoka: "We mtoto, mshipa wa wanaume, huko chini! Ngiri!" Watu wakacheka. Akapasuliwa papo hapo. Daktari alisema tungekawia kidogo angekufa.

Leo mzee kanishika mkono. "Najua uliona haya kuitaja mbele ya mke wangu. Umelelewa vizuri, mjukuu wangu."

Nikajibu, "Asante, babu." Sikumwambia kwamba nilikuwa sijui. Uso unaniwaka hadi sasa, kaka.

Mwambie mama nakula nashiba, na nawakumbuka sana.

Mdogo wako,
Juma