Bata wa Jedidah

Mheshimiwa Mshauri, Mama Lois,

Uniwie radhi kukuchosha kwa jambo la televisheni, tena kipindi cha watoto wadogo, ilhali wasomaji wenzangu hukuandikia mambo mazito ya ndoa na vibali vya kazi; nimejaribu kulinyamazia, limenishinda.

Mimi ni mgane, mwalimu mstaafu, mwana wa shule ya misheni kule Kisii, na sasa naishi Columbia Heights, huku Marekani, kwa binti yangu Velma, ambaye huhudumia wagonjwa katika nyumba ya wazee, nami humlelea mwanawe Kemunto, wa miaka minne. Tangu tulipofika hapa, mimi na marehemu mke wangu Jedidah, mtoto huyu alipenda kipindi kimoja kutoka Uingereza, chenye bata wa sufu na jirani yake konokono, ambao hawasemi neno, ila bwana mmoja Mwingereza husimulia yanayowapata, nami nilikipenda kwa kuwa Kiingereza cha Wamarekani hunipita masikioni, bali cha bwana yule ndicho nilichofundishwa na wamisionari, hata Velma akaturekodia kwenye kanda za video, tukawa tunazirudia kila asubuhi. Jedidah hakujua Kiingereza, kwa hiyo alisimulia yake kwa Kikisii, sambamba na yule bwana: bata akawa mama mkwe mkali, konokono akawa shemeji mvivu asiyefika shambani mpaka uji uive, na Kemunto akicheka hadi kuanguka kutoka kochini; nami, nasema kwa huzuni, nilikuwa nikimsikiliza Mwingereza.

Jedidah alituacha mwezi wa Februari. Baada ya mazishi Kemunto aliweka kanda, akapunguza sauti mpaka ikatoweka, akaniambia, kwa Kiingereza chake cha hapa, "Babu, sema maneno ya Nyanya."

Nikakohoa, nikaanza, "Bata huyu alikuwa akienda sokoni..."

"Haendi sokoni! Anamfukuza shemeji na mwiko!"

"Vyema, anamfukuza na mwiko. Akamwambia, 'Ewe ndugu yangu...'"

"Nyanya hakusema hivyo. Wewe hujui, Babu."

Akalia, nami nikaingia bafuni nikafungulia maji ili asinisikie. Imekuwa hivyo kila asubuhi, na Velma, akirudi hoi kutoka zamu ya usiku, amesema, "Baba, mnanimaliza. Jumamosi hizo kanda nazipeleka kanisani wapewe watoto wengine. Huyu asahau, aendelee." Simlaumu. Lakini mke wangu alizungumza kando yangu kila asubuhi, nami sikushika neno. Je, niziache kanda ziende, mtoto apate kupoa, ama nibuni maneno yangu na kumwambia ndiyo ya nyanya yake? Nisamehe kwa urefu wa barua hii.

Wako mtiifu,
Mzee Naftali

* * *

Mzee Naftali, pokea heshima zangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na leso mkononi. Sasa niruhusu nikugombeze, mvi zako zinisamehe.

Usibuni. Mtoto huyo atakukamata kabla konokono hajavuka bustani. Na kanda zisitoke humo ndani. Mwambie Velma ni mimi niliyekataa, akasirike nami. Velma, binti yangu, kama unasoma: kilichomuumiza mwanao ni kifo cha nyanya yake, na kanda hazina hatia. Nawe je, umepata nafasi ya kumlilia mama yako kati ya zamu zako? Siku yako ya mapumziko, keti nao.

Mzee, unasema maneno ya Jedidah hukuyashika. Ni kweli, na inauma. Lakini yupo aliyeyashika, amekaa kwenye kochi lako, anakusahihisha! Wewe ni mwalimu, ndiyo sababu unakimbilia kusema. Kesho usiseme. Weka kanda, punguza sauti, umwombe Kemunto akusimulie. Atasema kwa Kiingereza, maana ndicho kinachomjia mdomoni, mwache. Wewe mrudishie kila sentensi kwa Kikisii, naye atakwambia ulipokosea, kwa kuwa sikio lake lilikuwa kwa nyanya yake. Ukikosea, rudia. Wewe ulisahihisha watoto wa watu wangapi? Zamu yako imefika.

Pana mahali ambapo naye atakuwa amesahau. Hapo msijaze neno. Mwacheni bata atembee kimya, mmtazame.

Na machozi yakija, bafuni usiende. Funga hayo maji. Lia hapo hapo kochini akuone, kwa maana tangu Februari mtoto huyo anadhani analia peke yake.