Mlamu Kimeng'enya

Rafiki yangu Urban, kabichi zangu zote zimeoza. Ni uozo mweusi, na umetoka kwenye miche niliyonunua kwa mlamu wangu Otto, kaka wa mke wangu.

Leo mtaalamu wa mimea, Tumpe, alikuja Maposeni kutufundisha. Kabla hajaanza, Otto akasimama mbele ya watu: "Mlamu wangu huyu aliishia darasa la nne. Kilimo cha kitaalamu atakiweza wapi?"

Watu wakacheka. Urban, wakacheka.

Tumpe akaeleza kwamba ndani ya bakteria wa uozo huu kuna ujumbe unaowaambia watulie. Lakini wana kitu kinaitwa kimeng'enya, kazi yake ni kuukata huo ujumbe. Ukishakatwa, wanaishambulia kabichi.

Halafu akasema, bila kujua kwamba sikuambiwa, "Ndiyo maana mwezi uliopita nilimwagiza Otto awaambie wateja wake wote waing'oe ile miche yenye ugonjwa."

Mwezi uliopita. Kila Jumapili ya mwezi huo Otto alikula kwangu, na hakusema neno.

Nikanyoosha mkono. "Dada, huyo anayekata ujumbe umesema anaitwa nani?"

"Kimeng'enya."

"Basi mimi nimemuoa dada yake."

Mkutano mzima ukaangua kicheko, na safari hii si kwangu. Otto anauza miche tangu miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, hajawahi kumkimbia mteja. Leo kakimbia, kaacha hadi baiskeli. Jioni hii hata sokoni wameshaanza kumwita Kimeng'enya.

Sijutii.

Nimepoteza kabichi mia nane, mlamu mmoja, na Lukresia, mke wangu, aliyekuwa amekaa nyuma yangu nikisema hayo. Amehamia kwa kaka yake.