Marehemu Anakusalimu

6 Januari

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko kwenye mabarafu yako? Kile kikohozi kimekuacha? Mimi sijambo, miguu tu ndiyo inalalamika kwa kusimama saluni kutwa nzima.

Kaa chini kwanza. Chiriku amepata! Ile ile shule ya serikali ya bweni, ile ambayo watoto wa wakubwa wanapigana vikumbo kuingia. Nilipiga vigelegele mpaka mteja akadhani nimemuunguza kichwa. Wewe fundi majokofu, binti yako anakwenda kukaa dawati moja na mtoto wa jaji!

Sasa kuna kajambo kadogo, na nakuandikia kwa sababu hakasemeki kwenye simu huku wateja wametega masikio. Alama zake zilitosha na kubaki. Lakini nilipofika ofisini nikaambiwa nafasi za kawaida zimejaa. Matokeo yametoka Ijumaa, nafasi zimejaa Alhamisi! Nikamuuliza karani, zimejazwa na nani? Akatazama dari. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba nafasi za mayatima bado zipo. Nikamwambia huyu mama yake ametangulia tangu yeye akiwa mchanga. Akasema wa upande mmoja wamejaa tele, hizi ni za waliopoteza wote wawili.

Basi, mdogo wangu, nikakuongeza. Kwenye fomu wewe ni marehemu. Usikasirike, ni karatasi tu.

Dada yako

15 Januari

Dada, shikamoo.

Marehemu anakusalimu. Huku kuzimu hatujambo, ila baridi. Hiyo miguu ikande kwa maji ya moto, usiipuuze.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya kreti mlangoni mwa chumba cha barafu, nikainuka kwenda kutema mate. Kweli nashinda kwenye baridi kama maiti, lakini jioni natoka, dada! Nakula, nakoroma, majirani wanagonga ukuta. Na umeniua kwa ugonjwa gani? Walau nijue kama niliteseka.

Utani kando. Nimesikia kinyaa mpaka chakula kimenishinda. Shule ya umma, ya watu wote, halafu mlango wake unafunguka kwa baba aliyekufa? Na Chiriku je? Alijua? Alisema nini mtoto yule, ambaye hata kuku akichinjwa lazima atoe maoni? Niambie yote. Kama umeniua, usinizike nusunusu.

Mdogo wako, hayati

2 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zako za kuzimu nimezipata, na mteja mmoja nusura nimnyoe kwa kucheka. Halafu nikalia. Mzima wewe? Unakula sasa?

Ulikufa kwa ajali ya gari. Niliona ni haraka zaidi.

Haya, yote unayataka, yote haya. Fomu haikutosha, kulikuwa na usaili. Watu watatu mezani, mmoja anamenya karanga. Mimi nilikaa nyuma kama mlezi. Wakamwambia Chiriku, "Tueleze siku ya mazishi ya baba." Mwenye karanga hata hakuacha kutafuna. Mtoto akalia, akalia mpaka mama mmoja pale mezani akampa leso yake, na nikaona kalamu zinaandika. Nilikuwa nimemfundisha jikoni kwangu: mfikirie mama, halafu taja baba.

Baada yake aliingia binti anayelelewa na bibi yake muuza mkaa. Yatima kweli kweli, huyo. Alijibu kwa ufupi, macho makavu. Alikosa. Nilimwona bibi yake akimfunga kamba za viatu pale nje, nikageuza uso. Unafikiri mimi sisikii kinyaa? Nasikia! Lakini waliojaza Alhamisi hawasikii chochote, na watoto wao wanasoma. Ningemrudisha Chiriku kwa heshima gani, ya kukosa?

Mwezi wa tatu kuna siku ya wageni. Njoo umwone. Ila uje kama baba mdogo.

Dada yako anayekupenda, hata ukinuna

20 Machi

Dada, shikamoo.

Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima.

Nilikwenda. Nilivaa lile koti la harusi ya binamu yetu. Chiriku alikuja na wenzake wawili, akaniamkia bila kupepesa jicho: "Shikamoo, baba mdogo." Akawaambia, "Anafanana na marehemu baba, watu wote wanasema." Wale watoto wakanipa pole, dada. Nilipewa pole ya kifo changu mwenyewe, nikasema ahsanteni.

Tulikaa kwenye benchi wenzake walipoondoka. Nikamngojea aanze, unajua mdomo wake. Hakuanza. Nikimuuliza, ananijibu neno moja huku anatazama kama kuna mtu nyuma yetu. Nikashindwa kuvumilia, nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Nikamwambia, mimi ndiye baba, niko hai.

Akacheka! "Keti, mzee. Siku ya wageni marehemu wengi hufufuka hapa." Anajua, dada. Anajua yote. Akanisogezea kalamu. "Ukitaka, andika kwamba uko hai. Mtoto atatoka leo hii. Ila usijidanganye kwamba nafasi itakwenda kwa yatima. Mpwa wa mwenyekiti wa bodi anaisubiri." Alisema hivyo huku anakoroga chai.

Na mimi, niliyekupigia kelele zote zile, nikaiacha kalamu mezani nikaondoka.

Baba mdogo wa binti yangu mwenyewe

4 Mei

Mdogo wangu,

Mbona kimya? Nimekuandikia mara mbili hujibu. Unaumwa? Mimi nipo, miguu ile ile.

Nimeitwa shuleni. Wafadhili wa zile nafasi wanakuja Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, na mayatima watapangwa mstari wa mbele, kila mmoja na picha ya wazazi wake waliofariki. Ya mama yake ninayo. Wanataka na yako. Wamesema iwe ambayo hucheki.

Chiriku amekonda. Mwalimu wake anamsifu, eti ana adabu, hasemi ovyo. Chiriku hasemi! Nilimuuliza kama anataka kurudi nyumbani, akasema, "Shangazi, wewe ndiye uliyehangaika." Sikumwelewa, au nilijifanya.

Picha tuma au usitume. Safari hii sikuambii la kufanya.

Dada yako

30 Mei

Dada, shikamoo.

Pole kwa kukutia wasiwasi. Picha sikutuma kwa sababu niliamua kuupeleka uso wenyewe.

Nilifika wafadhili wameshakaa kivulini, wanapepewa. Watoto wamesimama juani na fremu zao. Chiriku ameshika mbili, ya mama yake na nyingine tupu. Mwalimu mkuu yuko kwenye kipaza sauti, anasimulia jinsi tulivyokufa. Nilikwenda nikasimama mbele ya mstari, kwa lile koti langu.

Chiriku aliniona. Ile fremu tupu akaiweka chini, ile ya mama yake akaikumbatia, akaja. Akapaza sauti, "Baba!" Dada, kipaza sauti kilinyamaza. Mfadhili mmoja akapiga makofi, nadhani alidhani ni maigizo.

Tulipewa sanduku lake kabla hotuba hazijaisha. Tukakuta gari getini limefungwa godoro jipya juu, na binti ndani yake ameshavaa sare, bila shaka yule mpwa wa mwenyekiti. Hata kitanda cha mtoto wangu hakijapoa! Bibi wa mkaa na mjukuu wake sikuwaona, na wala hakuna aliyewaita. Nilitema mate pale pale, mlinzi akaniangalia, akageukia pembeni.

Tuko kwangu. Jumatatu anaanza shule ya hapa mtaani, ile ya madirisha yaliyovunjika. Njiani nilimuuliza kama atanilaumu. "Kila mgeni akija nilikuwa naitwa nikulilie," akasema. "Nilikuwa nimechoka, baba."

Halafu akaanza kuongea, na mpaka sasa ninapoandika hajanyamaza. Ameshanieleza habari za mwenye karanga, za mtoto wa jaji anayekojoa kitandani, na za supu ya pale. Majirani wameanza kugonga ukuta.

Mdogo wako,
Baba Chiriku