Mwalimu Alisema "Lete!" Nikakataa Kuachia Usukani

Mama Immaculée mpendwa, naomba msaada wako, ingawa kwa kweli ninachohitaji si ushauri bali mtu mwenye akili atakayethibitisha kwamba sikukosea. Mimi ni kijana wa mtaa wa Bigo, nina shahada ya sheria, nimesoma vitabu kuliko wote ninaofahamiana nao, na sasa ninajifunza urubani katika shule ndogo hapa Bunia, ambako nimegundua kwamba mwalimu wetu, Bwana Adolphe, hafuati mwongozo rasmi wa kufundisha kuruka, kitabu nilichokisoma chote hadi tanbihi, na ambacho kinaagiza waziwazi kwamba usukani haubadilishi mikono kabla mwalimu hajatamka "Nachukua usukani," mwanafunzi akajibu "Chukua," na mwalimu akathibitisha. Wiki iliyopita tulikuwa tunashuka, usukani ukiwa mkononi mwangu, ng'ombe wakaingia kwenye piste ya kutulia ndege, na Bwana Adolphe, badala ya kutamka maneno yanayotakiwa, akapiga kelele "Lete!", nami nikamuuliza kwa adabu, "Lete nini, mwalimu? Mwongozo unasema...", naye akanguruma, "Achilia, weye! Ngombe haisomaka kitabu!", tukavutana, maana ndege ya mafunzo ina sukani mbili zilizoungana, mpaka akanipiga kiwiko kifuani, jambo ambalo mwongozo haulitaji popote, akaiinua ndege juu ya pembe za ng'ombe. Sasa amesema sitapanda tena mpaka nimwombe msamaha mbele ya wenzangu, na Vanessa, tunayesoma naye, ananisalimu "Maître Lete", kama anavyoitwa wakili, na mtihani wa leseni ni mwezi ujao, ilhali mama yangu amekwisha kulitangazia kanisa zima kwamba mimi ni komanda wa ndege. Je, mwenye haki aombe msamaha?

Gaël, Bigo

*

Gaël mwanangu, pole kwa kiwiko. Mimi ningetumia viwiko vyote viwili.

Kujifunza chini ya mtu wa kelele kunachosha, hilo nakubali. Na utaratibu unaoutaja upo, tena ni mzuri: umewekwa ili watu wawili wasivutane usukani angani. Wewe umeutumia kuvutana. Kweli ulisoma sheria.

Halafu tazama jalada. Mwongozo wa kufundisha umeandikwa kwa ajili ya mwalimu. Umekariri kitabu cha Adolphe, ukaacha chako! Chako, siku utakapokifungua, kitakwambia kwamba mwalimu akitaka usukani, unaachia papo hapo, hata akiomba kwa kukohoa.

Mwenye haki gani? Ulikuwa tayari ufe wewe, afe mwalimu, wafe na ng'ombe wa watu, kwa sababu sentensi haikukamilika. Mama yako angetangaza nini kanisani?

Kesho nenda shuleni, simama mbele ya wote, useme: "Mwalimu, nilishikilia nilipopaswa kuachia. Unisamehe." Kisha nyamaza. Usiongeze "lakini". Usitaje ukurasa. Vanessa akicheka, mwache, ana sababu. Mwombe mwalimu mrudie zoezi la kupokezana usukani, ndege ikiwa chini, injini imezimwa, mpaka mkono wako ujue kuachia kabla mdomo haujafunguka. Malalamiko yako kuhusu kelele na kiwiko mpelekee faraghani, ukiwa na leseni mfukoni.

Na mkono huo ukikataa kujifunza, rudi kwenye sheria yako, mahakamani. Kule mtu akishikilia neno hadi jioni, kesi inaahirishwa tu, na wote wanarudi nyumbani kwa miguu yao.