Banda la Kakangu Litawafunika Watoto

Bi Jedidah mpendwa, nisaidie, maana nimebanwa, na hapa ughaibuni, mjini Eden Prairie, kila ninayeweza kumwambia atamfikishia kakangu. Mimi ni Nasreen, mhandisi, na kakangu Uthman ndiye aliyenilea tangu tuondoke Mombasa, na sasa ana karakana katika mji wa jirani, Lakeville, ambako tunaunda kliniki ya kukunjika, yaani banda la paneli lililobuniwa kwa ule ufundi wa Kijapani wa kukunja karatasi, linasafirishwa likiwa bapa, ukivuta pembe zake linasimama, na kazi yangu ni kuonyesha kwenye kompyuta jinsi kila mkunjo utakavyokwenda. Mwanzo nilizichukulia paneli kama vitu visivyopinda kabisa na banda likafunguka vizuri, Uthman akafurahi akaanza kualika watu, lakini paneli zetu za kweli hupinda kidogo, basi nikaiambia kompyuta hivyo, nikaongeza upepo wa ubavuni, na paa likaacha njia yake, likafuata mkunjo mwingine na kujifunga ghafla kwenda chini, na kila nikirudia ni hivyo hivyo. Nilipomwonyesha akasema, "Nasreen, hiyo ni picha tu. Nimelifungua kwa mikono yangu na halijaanguka." Nikamwambia amelifungulia ndani, hakuna upepo, naye akasema, "Unataka kuniaibisha mbele za watu?" Jumamosi analipeleka kwenye sherehe ya jamii yetu uwanjani, watoto wataingia ndani, na mimi ndiye nitakayesimama kueleza kwamba ni salama. Nikisema nitampoteza kaka, nikinyamaza sijui itakuwaje. Nifanyeje?

*

Nasreen, pole. Kumpinga aliyekulea si jambo jepesi. Lakini mwanangu, jibu unalo, kwangu umekuja kutafuta ruhusa tu. Umeliona paa likianguka halafu unaniuliza kama unyamaze?

Achana na kompyuta kwanza, kwa sababu kwake imekuwa ubishi. Mfuate nyumbani, mkiwa wawili, si mbele ya wafanyakazi wake. Mwombe mlitoe banda nje likiwa tupu, mlifunge kamba ubavuni iwe badala ya upepo, avute yeye mwenyewe. Umwambie wazi: "Kaka, bila jaribio hilo sisimami pale." Akikataa, wapigie waandaaji wa sherehe siku hiyo hiyo. Kaka aliyenuna atakuja kuzungumza nawe tena. Mtoto aliyeangukiwa na paa hutaweza kumwambia kwamba ulikuwa unamheshimu kaka yako.

*

Nilimpa Nasreen jibu hili kwa simu kabla ya kulichapisha, na ameniruhusu nieleze yaliyofuata. Uthman alikasirika, kisha akakubali, pengine ili amnyamazishe. Walilisimamisha banda nyuma ya karakana, wakapanga viti ndani. Uthman alipovuta kamba, paa liliyumba kidogo, likajikunja na kuviponda viti vyote. Aliiachia kamba. Halafu akatoa simu, akawapigia waandaaji mwenyewe: "Jumamosi msitutegemee. Dadangu amegundua kosa, na bado tunalirekebisha."