Kifuniko cha Kombaini ya Mama Mkwe

Kibaoni, Jumamosi, mwezi wa sita. Asubuhi baridi iliuma masikio. Sasa jua limezama, nimekaa kwenye kigoda nikiandika kwa simu, na bado natabasamu peke yangu kama mwehu.

Nianze na kilichonitoa nyumbani Ilembo, Mpanda mjini. Mama mkwe wangu alinunua kombaini ya kuvunia mpunga, si mpya, lakini ya kisasa. Ndugu zake walitaka achukue ya kizamani, ya vyuma vitupu. Mimi fundi umeme wa magari ndiye niliyeshauri hii, kupitia kwa mke wangu Anna. Wiki hii, kuwashwa mara ya kwanza msimu huu, ikagoma. Injini inawaka, lakini kichwa cha kukatia hakizunguki, na skrini inasema hakuna mawasiliano. Mpunga umeshaanza kupukutika shambani. Jana Anna akaniletea ujumbe wa mama yake: isipokata Jumamosi, anaiuza na watu wanarudi kwenye mundu.

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nimepanda basi la alfajiri na ovaroli yangu ya bluu, nikasahau kuwa njia inapita hifadhini na mbung'o wanaipenda sana bluu. Wamenila vizuri tu.

Shajara, nikiri jambo. Mashine haikunitisha. Aliyenitisha ni mama mkwe.

Mashine kama hii ina kompyuta ndogo nyingi: moja ya injini, moja ya kichwa cha kukatia, moja ya tangi la nafaka. Zamani kila kifaa kilivutiwa waya wake mpaka kwa mwenzake, na ukifungua bodi unakuta fungu la nyaya nene kama mguu wa mtu. Siku hizi ni nyaya mbili tu zilizosokotwa pamoja, zinapita mashine nzima, na wote wanaongea humo humo. Hakuna anayeita mwenzake kwa jina. Injini inatangaza tu kwamba joto langu ni kiasi hiki, na anayehusika analichukua, asiyehusika ananyamaza. Wawili wakianza kusema kwa pamoja, mwenye jambo zito anaendelea, mwingine anasubiri zamu yake bila kununa. Ningependa vikao vyetu vya ukoo viwe hivyo.

Ila nyaya hizo zina sharti moja. Kila mwisho lazima kuwe na kizuizi kidogo cha kumeza sauti, la sivyo maneno yanagonga mwisho na kurudi, kama ukipiga kelele ndani ya kanisa tupu, na hakuna anayemwelewa mwenzake. Nikazima umeme wote, nikapima kwa mita. Ilitakiwa isome omu sitini. Ikasoma mia moja na ishirini, kipimo cha kizuizi kimoja kikiwa peke yake. Kizuizi kimoja hakipo.

Nikazunguka nyuma. Soketi yake ilikuwa wazi, imefutwa ikang'aa. Na mtu aliyeisugua mashine hii kama sufuria kabla ya msimu nilimjua. Anna alishanisimulia huku akicheka.

Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini hawakusema mama mkwe anaulizwaje.

Kwetu mimi na mama mkwe hatutazamani usoni wala hatuongei ana kwa ana. Salamu inatolewa kwa mbali, mengine yote yanapita kwa mke. Leo Anna yuko zamu hospitali, simu imezimwa. Dereva wa kombaini alikuwa amekwenda senta kufuata dizeli. Kizuizi kingine ningekipata Mpanda, lakini basi la kurudi ni kesho. Mama mwenyewe alikuwa nyuma ya jiko, namsikia anapepeta. Nikasimama pale jasho linanitoka kwenye baridi, mtu mzima na mita yangu mkononi.

Mwishowe nikampa mgongo, nikaelekeza uso shambani, nikasema kwa sauti, bila kumwambia yeyote:

"Hapa nyuma ya mashine kulikuwa na kitu cheusi, kadiri ya kidole gumba. Hakijashika waya wowote, lakini bila hicho mashine haielewani. Kama kipo, leo tunavuna."

Kupepeta kukakoma. Halafu sauti ikatoka nyuma ya jiko, ikiwasemesha kuku.

"Nyie kuku, si ndiyo kile kifuniko nilichotoa wakati naosha? Nikaona hakijashika kitu, kitadondoka shambani kipotee. Si nimekitunza hapa."

Alikuwa amekifunga kwenye pindo la kanga yake. Siku zote hizo anailaumu mashine, kumbe anatembea nacho. Akakiweka juu ya ungo, akautua ungo katikati ya uwanja, akarudi zake. Nami nikasubiri afike, ndipo nikaenda kukichukua.

Nikakichomeka. Mita ikasoma sitini.

Dereva aliporudi akawasha. Skrini ikatulia, kichwa cha kukatia kikaanza kuzunguka, na mama mkwe wangu, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akicheka, akapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Nilitamani kurukaruka. Nikajikaza kwa sababu ya heshima, lakini mguu mmoja ulinisaliti.

Wamevuna mpaka jioni. Majirani wakaja kushangaa, mmoja akamuuliza mama ni fundi gani huyo aliyemtoa mjini. Nilikuwa upande wa pili wa gurudumu, mama mkwe hakujua kama nasikia, au labda alijua.

"Fundi wapi," akasema. "Ni mwanangu huyo."

Hakusema mkwe.

Kesho asubuhi nitamwamkia kwa mbali, macho chini, kama inavyotakiwa. Naye ataitikia akiwa amegeukia ukuta. Sidhani kama kuna mtu Kibaoni nzima atakayejua nimefurahi kiasi gani.