Kidari cha Basili

Uru, 4 Januari 2024

Stella mwanangu,

Hujambo huko Dar? Sisi tunaamka, ng'ombe kazaa salama. Baba yako ndiye ananiumiza roho. Krismasi kashika kisu kugawa nyama ya ukoo kama kawaida yake, kidari akampa jirani, Mathew! Kidari cha mdogo wake Basili, mbele ya watu wote. Basili kaondoka bila kuaga. Anasema kadharauliwa, wengine wanasema ni mbege. Kweli baba yako anayumba tangu aanguke mwezi wa tisa, lakini hanuki pombe. Na msibani kwa kina Antoni alicheka, Stella. Alicheka! Nina hasira naye, na ninamwonea huruma. Sasa wanataka kumnyang'anya kisu. Wakimnyang'anya, atabaki kuwa nani?

Mama yako, Elisifa

Dar es Salaam, 19 Januari 2024

Shikamoo Mama,

Hongereni kwa ndama. Usimgombeze Baba, tafadhali. Nimezitazama zile picha za kichwa chake alizopigwa hospitalini alipoanguka, pamoja na mwalimu wangu. Kiharusi kilipiga ubongo mdogo, ule wa kisogoni. Zamani watu walidhani kazi yake ni kutuzuia tusiyumbe, basi. Siku hizi sisi tunaochunguza ubongo tunaona unasaidia hata kupanga mawazo: lipi lianze, lipi lifuate, neno lipi useme, lipi umeze. Kugawa nyama kuna mpangilio mrefu, akapotea katikati. Muulize fungu la mtu mmoja mmoja, utaona anajua. Ila kupona kabisa siwezi kukuahidi, Mama. Nimelia nikiandika hivyo.

Mwanao, Stella

Uru, 27 Desemba 2024

Stella,

Pole na kazi. Nilinyamaza kwa sababu Basili hakutaka kusikia habari za kisogo. "Binti anamtetea baba yake," alisema. Juzi Krismasi kaja, kanuna. Nikakaa karibu na majani ya migomba yaliyotandikwa nyama, nikaanza.

"Baba Stella, Basili anapewa nini?"

"Kidari. Kwani hujui?"

Akakata, akampa. Tukaenda hivyo hivyo mpaka mimi mwenyewe nikasahau anayefuata! Basili akachuchumaa pale, akasema taratibu, "Kaka, bado mama yake Antoni." Wakamaliza wawili, mimi nikaenda kufuta machozi jikoni.

Niliporudi kulikuwa na kipande kando. Basili akaapa hakumuuliza. Nikauliza cha nani.

"Cha Stella," baba yako akasema. "Mbona hatumwoni?"

Nimekikausha juu ya moto. Njoo ukichukue mwenyewe, mwanangu, baba yako bado anakuulizia.

Mama yako